Ukanda Mdomoni mwa Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani na vikao vya ukoo kama sisi, palikuwa na nchi kavu iliyoitwa Kiribwe. Mvua huko ilikuwa mgeni wa kupita. Maji yote ya nchi yalitoka katika chemchemi moja, chini ya mlima wa mawe, na juu ya chemchemi hiyo lilikaa jiwe kubwa jeusi, limeinama kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.

Wazee walisimulia kwamba jiwe lile lilitaka kuanguka tangu enzi na enzi. Likianguka lingeziba chemchemi, na nchi ingekufa kiu. Ndiyo sababu mtemi wa kwanza alilifunga upande wake wa nyuma kwa ukanda mnene wa ngozi, akaupitisha ukanda juu ya bega la mlima, akaja nao mpaka huku mbele, akaung'ata. Ng'a! Jiwe likatulia, maji yakaendelea kutiririka.

Ikawa desturi. Mtemi wa Kiribwe hakuvaa taji, hakushika mkuki. Aling'ata ukanda. Akifa, mwingine aliung'ata kwanza ukanda uleule, pembeni ya mdomo wa marehemu, ndipo maiti ilipoondolewa.

Wakati wa habari hii mtemi alikuwa Kiboko. Aliushika ukanda angali kijana, ngozi yake iking'aa kama chungu kipya. Sasa alikuwa mzee. Alikaa juani kutwa, ngozi imepasukapasuka kama shamba la kiangazi, na maji yalipita karibu kabisa na miguu yake, lakini hakuweza kuyaingia kwa kuwa ukanda haukufika. Walimnywesha uji kwa mrija kupitia pengo la meno. Kusema hakuweza. Aliguna tu, "Mmh. Mm-mmh."

Aliyejua maana ya miguno hiyo alikuwa mmoja tu. Fisi. Huyo ndiye aliyekuwa Msemaji wa Mtemi.

Mtemi akiguna, Fisi alitega sikio, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu kama anayepokea siri nzito. Kisha aligeukia umati na kutangaza. Mtemi ametaka mayai ya kanga. Mtemi ametaka samaki wakavu. Mtemi ametaka mafuta mazuri ya kupaka ukanda usikauke, nayo yapelekwe nyuma ya mlima na Msemaji peke yake, kwa maana kwenda nyuma ya mlima ni mwiko. Wanyama walileta, wakaweka chini, wakaimba wimbo wao wa siku zote:

Mtemi wetu, we ng'ata,
ukanda usipong'ata,
maji hatutayapata.

Katika umati huo alikuwamo Pimbi, mama mfupi asiye na mkia, mwenye miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Nyumba yake ilikuwa ufa wa mwamba, safi, umefagiliwa. Mumewe alichukuliwa na tai, akabaki na mtoto mmoja, Wegesa. Majirani walimwita Mama Wegesa, na wengi walimwita kwa kicheko, maana hapakuwa na kikao alichokaa kimya.

Siku moja Kiboko aliguna, mguno mrefu uliokatikakatika. Fisi akatega sikio. Akakaa hivyo kwa muda, akajilamba midomo, kisha akageuka.

Alisema jino la Mtemi linauma. Alisema mganga ameulizwa na dawa imepatikana, nayo ni supu ya mtoto laini, tena mtoto aliyekulia mwambani. Mwezi ukiandama, Mama Wegesa amlete Wegesa.

 Hata nzi walisikika, nzzz, nzzz, juu ya mgongo wa Kiboko.

Pimbi alihisi masikio yake yanavuma. Alidhani amesikia vibaya. Alitazama majirani usoni mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemtazama aligeuka kuangalia kitu kingine: kwato, majani, mawingu yasiyokuwapo.

"Supu," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye. "Supu ya mwanangu?"

"Supu," alijibu Fisi kwa upole. "Na tafadhali, dada yangu, mpaka siku hiyo usimlishe majani machungu. Yanaharibu ladha."

"Lakini Msemaji, Mtemi ni kiboko. Viboko hula majani. Tangu lini—"

"Tangu lini pimbi amemfundisha mtemi tumbo lake?"

Wanyama walicheka. Kilikuwa kile kicheko cha watu wanaoshukuru kwamba jina lililotajwa si lao. Ngiri, jirani yake wa bondeni, alimsukuma kwa bega na kumnong'oneza anyamaze. Alimwambia, kwa kumfariji, kwamba nchi nzima ingekufa bila Mtemi, na mtoto ni mmoja tu.

"Huyo mmoja ndiye niliye naye," Pimbi alimjibu.

Aliporudi nyumbani hakupika. Wegesa alikuwa akicheza na kokoto mlangoni, akizipanga na kuzibomoa, akaomba ahadithiwe. Mama yake alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Akili ya Pimbi ilikuwa ikikimbia huku na huku kama panya kwenye ghala linaloungua. Angetoroka, lakini barabara ilipita langoni kwa Fisi. Njia nyingine ilikuwa moja tu, nayo ni kupitia nyuma ya mlima, penye mwiko.

"Mwiko na mauti," alijisemea, "afadhali mwiko."

Alimpeleka Wegesa kwa nyanya yake kwenye mapango ya juu. Siku iliyofuata, jua likiwa utosini na wanyama wote wamelala vivulini, alipanda mlima akiifuata njia ya ukanda. Alitaka kujua tu kama njia inapitika na mtoto mgongoni. Alitembea kwa nyayo laini, nya, nya, nya, akiusikiliza moyo wake. Alitegemea kusikia ardhi ikitetemeka kwa kumkemea. Haikutetemeka.

Akafika nyuma. Akatazama. Akasimama pale mguu mmoja ukiwa hewani.

Ukanda uliokuwa ukitoka mdomoni mwa Mtemi ulipanda bega la mlima, ukashuka, halafu ukaishia kwenye mzizi wa mkuyu. Ulikuwa umefungwa hapo fundo la haraka, fundo la mwenye kiwewe. Sehemu iliyobaki, ile iliyotakiwa kushika jiwe, haikuwapo. Palikuwa na vipande vya ngozi vilivyotafunwa, na pembeni yake vyungu vitupu vya mafuta, vimelambwa vikang'aa.

Pimbi alivitazama vipande vile. Alama za meno alizifahamu. Hakuna mwingine katika Kiribwe anayetafuna ngozi kavu na kuifurahia.

Alijipenyeza ndani ya ufa uliokwenda mpaka chini ya jiwe, ambamo mlio wa chemchemi ulivuma kama ngoma. Pimbi wamezaliwa mawe yakiwa juu ya vichwa vyao, hutambua jiwe lililolala na jiwe linaloota kuanguka. Aliligusa kwa kiganja, akaliwekea sikio, akalisukuma kwa mgongo. Jiwe lilikuwa limekalia mwamba kama kuku aliyeatamia. Kuvu ya kijani ilikuwa imeota pote lilipogusana na mwamba. Halikuwa likienda popote. Labda halikutaka kamwe.

"Babu yule," Pimbi alinong'ona, naye akaona baridi ingawa jua lilikuwa kali. "Babu yule ameng'ata mzizi miaka yote hii."

Aliteremka mbio moja kwa moja hadi kwa Ngiri, akamweleza kila kitu, ukanda, mzizi, vyungu. Ngiri alisikiliza mpaka neno "nyuma ya mlima", halafu akaacha kusikiliza.

"Ulikwenda nyuma?" aliuliza.

"Shemeji, nasema ukanda umeliwa."

"Nimesikia. Ulikwenda nyuma?" Alianza kurudi kinyumenyume kuelekea shimoni mwake. "Mimi sikukuona. Wala leo hujapita hapa. Na hayo maneno, Mama Wegesa, yameze, yasije yakakumeza."

Pimbi alibaki amesimama vumbini. Alielewa jambo ambalo hakulijua asubuhi. Alikuwa na ukweli, lakini ukweli ule ulikuwa mkubwa kuliko mdomo wake. Angeutangaza kikaoni, Kiboko angeguna, Fisi angetafsiri, na supu ingekuwa ya mama na mtoto. Ukweli huo ulihitaji mdomo mwingine. Na mdomo pekee ambao Kiribwe nzima iliuamini ulikuwa wa Fisi mwenyewe.

Mwezi ukaandama.

Wanyama walikusanyika chemchemini, chungu kimeinjikwa, kuni zimepangwa. Kiboko alikaa mahali pake, ukanda umekaza, macho mekundu. Pimbi alikuja peke yake, akipangusa machozi, na si yote yaliyokuwa ya uongo. Fisi aliuliza mtoto yuko wapi.

Pimbi akamwomba amnong'oneze. Fisi akainama, na Pimbi akamweleza sikioni kwamba mtoto amemtoroka. Ameingia kwenye ule ufa wa chini ya jiwe, naye hayuko peke yake. Binamu zake wote wamo humo, wamejazana kama maharage kwenye ganda, wanene, wametoka kula vichipukizi. "Mimi wananikimbia, kaka yangu," alisema. "Nikiwaambia umati, kila mmoja atadai fungu lake. Nimeona nikuambie wewe kwanza."

Mate yalimdondoka Fisi, tone, likamwangukia Pimbi kichwani.

"Umefanya vizuri," Fisi alisema kwa sauti iliyokwama. Aliutangazia umati kwamba Mtemi amemtuma akaukague ukanda mara moja, wamsubiri, wasimsogelee. Akaondoka kwa mwendo wa heshima mpaka kona. Alipoipita kona alisikika akikimbia, puku puku puku.

Ufa ule ulimtosha Pimbi. Huenda ulimtosha Fisi pia zamani, kabla ya mayai, samaki na mafuta ya miaka yote ile. Kichwa kiliingia. Mabega yaliingia. Tumbo likasema hapana. Alijisukuma, akajivuta, akajikaza, na mwisho akanasa kama kizibo kwenye kibuyu, mdomo wake ukiwa sentimita chache nyuma ya chemchemi. Kila alichosema humo ndani kilitokea huku mbele kikubwa, kimevimba, kama kinatoka kwenye ngoma, naye hakujua kwamba huku anasikika.

"Nani ameuziba ufa huu!" ngoma ilisema.

Wanyama waliruka. Twiga alirudi nyuma akakanyaga chungu. Sauti ya Msemaji ilikuwa ikitoka chini ya jiwe lile linaloning'inia!

Moyo wa Pimbi ulipiga du, du, du. Aliusogelea mdomo wa chemchemi akapaza sauti ili wote wasikie.

"Msemaji! Usisogee! Ukanda unateleza kwenye jino la Mtemi! Jiwe linakujia!"

Kiboko aliposikia hivyo alikaza meno mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Swala wakafumba macho. Ngiri alianza kuomba kwa sauti. Walingoja kilio cha Fisi.

Wakasikia kicheko.

"Hii hii hii! Ukanda upi, mama? Niliula zamani, ulikuwa mtamu kwenye fundo. Huyo mzee ameng'ata mzizi. Jiwe haliendi kokote, acha upuuzi wako, njoo univute miguu kabla hao wajinga hawajanikosa."



Wanangu, kuna ukimya wa heshima na kuna ukimya wa usingizi. Huu ulikuwa wa tatu, ukimya wa nyumba ambayo paa limeondoka na watu bado wamekaa mezani.  Ngiri alitazama jiwe, akatazama ukanda, akakumbuka vyungu vyote vya mafuta alivyowahi kubeba kwa kichwa chake, akaketi chini. Twiga akawa analia tu, bila sauti, kutoka juu kule.

Pimbi alitegemea kelele. Alitegemea wamkimbilie Fisi kwa marungu. Badala yake wote, kidogokidogo, waligeuza macho kwa Kiboko. Wakasubiri auachie ukanda.

Kiboko hakuuachia.

Alikuwa amesikia. Masikio yake madogo yalikuwa yamesimama wima. Machozi yalimtiririka katika mipasuko ya uso wake, lakini taya halikufunguka. Pimbi alishtuka kuliko alivyoshtuka nyuma ya mlima. Fundo lililokuwa kwenye mzizi alilielewa. Hili la taya alikuwa hajawahi kuliona.

Alimwendea. Hakuna aliyewahi kumsogelea Mtemi hivyo. Alifika mpaka puani, pumzi yake ya moto ikampeperusha manyoya.

"Babu," alisema polepole. "Hukuweza kujua. Uliutunza kwa moyo wako wote. Lakini sasa umejua. Ukiendelea kuung'ata kuanzia leo, si kwa ajili yetu."

"Mmh," Kiboko aliguna.

"Unaogopa kwamba bila huo hatutakujua wewe ni nani?"

Kiboko alifumba macho.  Kisha, taratibu sana, kichwa kile kikubwa kikainama, ndiyo.

"Basi tazama pale," Pimbi alisema, akaelekeza kidole kwenye maji. "Yale yatakujua."

 Nzi wakaimba nzzz. Halafu likasikika jambo ambalo sikio la Kiribwe halikuwahi kulisikia tangu mtemi wa kwanza: mlio wa taya linaloachana na lenzake kwa hiari. Ng'a… tu. Ukanda ukateleza, ukaanguka vumbini, pa!

Swala wakajitupa chini, mikono kichwani. Jiwe likakaa vilevile. Maji yakaendelea vilevile, chirichiri, kama ambaye hajaambiwa habari yoyote.

Kiboko akapanua kinywa chake. Akakipanua, akakipanua, mpaka wanyama wakaogopa kwamba kichwa kitagawanyika. Ndani mlikuwa na alama nyekundu ya ukanda kwenye ulimi, na meno yake makubwa yalikuwa bado yamo, imara. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Akajitumbukiza, chubwi, na maji yakamfunika mpaka masikio.

Wanyama walitazamana. Walitaka kulitaja walilolishuhudia, lakini neno hawakuwa nalo. Kufa walikuwa na neno lake. Kupinduliwa, kufukuzwa, kushindwa, yote yalikuwa na majina. "Ameng'ata…" Ngiri alianza, akakwama. "Yaani, hakuanguka. Hakunyang'anywa. Alikuwa ameng'ata, halafu mwenyewe…"

"Ameng'atuka," alisema Pimbi.

Wakalirudia kwa sauti ndogo, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoonja chakula kigeni. Ameng'atuka. Ameng'atuka. Ni kuachia mwenyewe kile ambacho ungeweza kuendelea kukishika. Ndivyo neno hilo lilivyozaliwa huko Kiribwe, katika siku ya mshangao.

Kiboko aliibuka, maji yakimwagika mashavuni. Wote walisogea wasikie neno la kwanza la Mtemi lisilopita kwa msemaji. Sauti ilitoka imekwaruza, nyembamba, ya ajabu kutoka katika mwili ule.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko salama, babu."

"Siku zote nilikuwa nasema nimechoka," alisema Kiboko. "Nilisema kila siku." Akazama tena.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Lakini Nyati alisogea mbele, macho yake yakiwa kwenye ukanda uliolala vumbini, umelowa mate. Akakohoa. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayependekeza tu, sasa nani ang'ate?

Pimbi aliwatazama kwa kutoamini. Walikuwa wamesikia! Walijua ni mzizi! Hata hivyo Nyati alikuwa ameinamisha shingo, Ngiri midomo inamcheza, na hata Swala, swala waoga wale, walikuwa wamesimama kwa ncha za kwato. Kila kinywa kilikuwa wazi kidogo.

Ndipo alipohisi upepo baridi kwenye ulimi wake, akatambua kwamba na chake kilikuwa wazi.

Alikifunga. Aliingiwa na hofu ambayo hata Fisi hakuwahi kumpa. Aliuokota ukanda kwa mikono, akiuweka mbali na uso wake, akautupia kwenye kuni zilizokuwa zimepangwa kwa ajili ya supu, akawasha moto. Ngozi ilinuka, ikajikunja, ikaisha. Baadaye walichagua kiongozi, kwa muda maalumu, na siku ya kuchaguliwa alitakiwa kupanua kinywa mbele ya watu wote ili waone kwamba hakina kitu ndani.

Fisi walimvuta kwa miguu jioni. Hawakumpiga. Walifanya lililo baya zaidi kwake, hawakumsikiliza tena, na mpaka leo huzunguka vichakani akicheka peke yake, akitangaza habari zisizo na mwenyewe. Naye Kiboko hakutoka majini kwa muda mrefu. Akiibuka hupanua kinywa mpaka mwisho. Wageni hudhani anatisha. Wenyeji wa Kiribwe wanajua kwamba anafurahia tu.

Pimbi alipanda mapangoni kumchukua Wegesa. Mtoto aliuliza mbona ananuka moshi. Mama alimbeba mgongoni, wakateremka kunywa maji.

Basi mshike hili, wanangu: mwenye busara hung'atuka angali na meno.